Fundi Anajibu: Supachaja Kwenye Mini ya Zamani

Barua zinazohusu Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza iliyobuniwa na Alec Issigonis, zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwezi huu nimeamua kuitenga safu nzima kwa ajili yake. Wanaouliza wana nia moja: kuifunga supachaja kwenye injini ya A-Series, injini iliyokaa ndani ya Mini tangu gari hilo lilipotoka Agosti 1959 hadi lilipoacha kutengenezwa Oktoba 2000. Kwa msomaji mgeni, supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krankishafti, tofauti na tabo ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Zote mbili huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeweza kuivuta yenyewe.

Salamu, Fundi. Marehemu mjomba wangu aliniachia Mini yenye injini ya 1275, na nimekwisha kuishusha. Nimenunua supachaja ya Eaton M45 iliyotumika, iliyotoka kwenye MINI Cooper S ya miaka ya 2002 hadi 2006. Wenzangu wananishauri niifunge juu ya injini kama ilivyo, halafu niweke gasketi mbili za silinda hedi ili kupunguza kompresheni, yaani kiwango ambacho pistoni hugandamiza mchanganyiko ndani ya silinda. Je, nifuate ushauri huo? Na puli niichague vipi?
*Msomaji, Nairobi*

Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza gari ya mjomba. Gasketi mbili usiweke. Najua desturi hiyo imeenea katika gereji zetu, na kwa injini ya kawaida inayotembea polepole huenda ikavumilika kwa muda, lakini injini yenye supachaja huisukuma silinda hedi kwa nguvu mpya kila mara silinda inapowaka, na mahali pa kwanza kuachia ni pale gasketi mbili zinapokutana. Isitoshe, ukiinua hedi unaipoteza ile nafasi finyu kati ya uso wa pistoni na uso wa hedi, ambayo kazi yake ni kuuvuruga mchanganyiko wa hewa na petroli ili uwake haraka na sawasawa. Mchanganyiko unaowaka polepole ndio unaopata muda wa kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na mlipuko huo, ambao mafundi tunauita kugonga, ndio adui mkubwa wa kazi unayotaka kuifanya.

Kompresheni hupunguzwa kwa pistoni zenye bakuli juu, na kabla ya kuziagiza ni lazima ujue unahitaji bakuli la ukubwa gani. Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya 1275 ina silinda nne, kwa hiyo kila pistoni inafagia takriban sentimita za ujazo 319. Mini Cooper S ya zamani ya mwaka 1964, aina ya Mini yenye kasi iliyotoa nguvu za farasi 76, ilikuwa na uwiano wa 9.75 kwa 1. Maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi yote inayobaki ni kama sentimita za ujazo 36.4. Kwa supachaja na petroli ya kituo cha kawaida mimi ningeshuka hadi 8 kwa 1, na hapo nafasi inatakiwa iwe 45.5. Unatafuta basi sentimita tisa za ujazo, ambazo ni chini ya vijiko viwili vya chai.

Usikisie nafasi uliyonayo sasa, ipime. Ipindue hedi na kuilaza juu ya vigogo viwili vya mbao, chumba cha kuwakia kikitazama juu, valvu zikiwa zimefungwa na plagi ikiwa mahali pake. Paka grisi nyembamba kuzunguka ukingo, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, chenye tundu dogo upande mmoja, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano la hospitali la mililita 10, ukihesabu hadi kiputo cha mwisho kitoke. Fanya hivyo kwa vyumba vyote vinne. Nimewahi kukuta chumba kimoja kikizidi kingine kwa sentimita moja na nusu kwa sababu mtu aliyekichonga kabla yangu alikuwa na haraka, na katika injini ya kusukumiwa hewa tofauti hiyo inatosha kuifanya silinda moja igonge wakati tatu zinafanya kazi kwa amani. Kwenye jumla yako ongeza ujazo wa gasketi iliyokwisha kubanwa, ujazo wa bakuli la pistoni, na pengo lolote linalobaki kati ya pistoni na uso wa bloku.

Sasa puli. Jina M45 linatokana na inchi za ujazo 45 ambazo supachaja hiyo husukuma kwa kila mzunguko wake mmoja, yaani sentimita za ujazo 737. Injini yako, kwa kuwa huvuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, hula nusu ya 1275, ambayo ni 637.5, kwa kila mzunguko wa krankishafti. Ukichagua puli zitakazoizungusha supachaja mara 1.3 kwa kila mzunguko mmoja wa injini, unasukuma 958, na ukigawa kwa 637.5 unapata 1.5. Hilo ni shinikizo la hewa la kawaida mara moja na nusu. Hesabu hii ni ya karatasini. Supachaja huvujisha kidogo na injini haijazi silinda zake kikamilifu, kwa hiyo geji ndiyo itakayosema neno la mwisho. Anza na uwiano huo na uishi nao angalau kilomita elfu tano kabla ya kutamani puli ndogo zaidi.

Ninakusihi hivyo kwa sababu ya joto. Hewa inayogandamizwa hupata moto, na supachaja ya aina hii huichemsha kuliko inavyostahili. Ukichukua ufanisi wa asilimia 60, hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 30 hutoka ikiwa na nyuzi 90 hivi. Kwenye Mini hali ni ngumu zaidi kwa sababu hedi ya A-Series ina milango yake yote, ya kuingiza na ya kutoa, upande mmoja, ule unaotazama ukuta wa kabini, na manifoldi ya ekzosi hukaa chini kabisa ya ile ya kuingizia hewa kama jiko chini ya sufuria. Weka bati la kukinga joto kati yake, tena bati lenye pengo la hewa, usilibandike.

Kuhusu bloku, usishawishike kuichonga hadi 1380, ingawa wengi watakuambia ndiyo injini ya wanaume. Kipenyo cha 73.5 mm huziacha kuta za silinda zikiwa nyembamba, na ukanda wa gasketi kati ya silinda na silinda unakuwa mwembamba vilevile. Baki na kipenyo cha awali cha 70.6 mm kama kuta zako hazijalika, au ongeza nusu milimita tu. Fedha utakazookoa zinunulie vifungio imara vya hedi. Cooper S ilipewa vifungio 11 mahali ambapo injini nyingine za ukoo huo zilikuwa na 9, na waliofanya hivyo hawakuwa na supachaja ya kuwasumbua. Funga pia daraja la chuma juu ya kifuniko cha beringi ya katikati ya krankishafti.

Jambo la mwisho kwako: hedi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilizilinda kingo za valvu za ekzosi. Katika nchi zetu petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006. Kama hedi ya mjomba haijawahi kuwekewa pete ngumu za valvu, mpelekee fundi wa lethi akuwekee sasa. Valvu za ekzosi za silinda ya 2 na ya 3 zimekaa jirani na zinatumia mlango mmoja, kwa hiyo joto la silinda mbili hukusanyika mahali pamoja. Kwenye MG Metro Turbo, ambayo injini yake ni ya ukoo huuhuu, kiwanda kiliona ni lazima kuweka valvu za ekzosi zilizojazwa sodiamu ndani ili kulihamisha joto hilo.

Mzee Fundi, Mini yangu ya 1275 ilijengwa Nairobi, ikafungwa M45 na mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia petroli wenye injekta mbili, moja kwa kila mlango wa kuingizia. Ilipimwa kwenye mashine ya kupimia nguvu hukohuko na ikatembea vizuri miezi mitatu. Nilipoileta nyumbani Mombasa, siku ya pili tu, nikipanda daraja la Nyali kwa gia ya nne, ilianza kutoa moshi. Tumefungua na kukuta pistoni ya silinda ya 4 imetoboka katikati. Fundi aliyeijenga anasema nilitumia petroli mbaya. Mimi sina hakika. Wewe unaonaje?
*Msomaji, Mombasa*

Ndugu yangu wa Mombasa, barua yako imenisikitisha, kwa sababu ajali hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya gari tangu siku ilipotoka kwenye mashine ya kupimia. Petroli mbaya inaweza kuwa ilichangia, lakini mimi ningeanza na mlima.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni takriban kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Supachaja haijui iko wapi. Mkanda huizungusha mara zilezile kwa kila mzunguko wa injini, nayo huizidisha hewa iliyoikuta kwa kiasi kilekile. Kama yako inazidisha mara moja na nusu, Nairobi manifoldi yako ilifikia kilopaskali 123, na Mombasa ikafikia 152. Injini iliyojengwa kwa nguvu za Nairobi iliteremshwa hadi pwani ikaanza kumeza hewa zaidi kwa kama asilimia 23, bila mtu kugusa hata skrubu moja.

Sasa fikiria kompyuta. Jedwali lake la petroli na la taimingi, yaani wakati plagi inapowasha, hupangwa kwa ngazi za shinikizo, na fundi huweza kulipanga kwa vipimo pale tu injini inapofika. Nairobi injini yako haikufika kilopaskali 152 hata mara moja. Ngazi zote za juu ya 123 zilijazwa kwa kukisia, au ziliachwa na namba zilizokuja na programu. Ulipokanyaga mafuta kwenye daraja, kompyuta ilisoma mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuuhakiki.

Kwa nini silinda ya 4, na si zote? Hapo ndipo ilipo siri ya injini hii. A-Series ina milango miwili tu ya kuingizia kwa silinda nne: ya 1 na ya 2 zinagawana mmoja, ya 3 na ya 4 zinagawana mwingine. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2. Ukiufuata utaona kwamba silinda ya 3 huvuta kwanza, na mara tu inapokaribia kumaliza, ya 4 inaanza kuvuta kupitia mlango uleule. Upande wa pili ya 2 hutangulia na ya 1 hufuata. Hewa iliyokwisha kushika kasi huingia kwa wingi kwenye silinda inayofuata, huku petroli ya injekta moja ikielekea zaidi kwa ile iliyotangulia. Silinda za ndani hushiba petroli, za nje hushiba hewa. Kipimo cha oksijeni kilichofungwa mbele kwenye bomba la ekzosi husoma mchanganyiko wa moshi wa silinda zote nne, na wastani huo unaweza kuwa mzuri kabisa wakati ya 1 na ya 4 zina njaa ya petroli. Silinda yenye njaa ya petroli na hewa nyingi yenye joto hugonga, na alumini ya pistoni huyeyuka.

Ombi langu ni kwamba usimwendee fundi wako kwa ugomvi. Mpelekee plagi nne zilizotoka kwenye injini, ukizishika kwa mpangilio wa silinda zake. Zitazameni pamoja kwenye mwanga wa jua, kwa lenzi kama mnayo. Kauri nyeupe ya plagi ya 4, na pengine ya 1, itakuwa na vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa kama chumvi laini. Hiyo ni alumini ya pistoni iliyorushwa na kule kugonga. Kama plagi za 2 na 3 zina rangi nyeusi au ya kahawia iliyokoza, mmekwisha kupata jibu bila kubishana.

Mtakapojenga upya, mfumo wa kompyuta uwe ule unaoweza kuinyunyizia kila silinda kwa zamu yake, yaani injekta ifunguke kwa muda maalumu wakati wa silinda ya ndani na tena wakati wa silinda ya nje, kwa vipimo viwili tofauti. Kama hilo linashindikana, rudini kwenye kabureta. SU HIF44 iliyofungwa kabla ya supachaja, ili supachaja ivute hewa ikiwa imekwisha kuchanganywa na petroli, ni mpango wa kizamani lakini una faida mbili: mchanganyiko husagwa vizuri ndani ya supachaja kabla ya kufika mlangoni, na petroli inapogeuka kuwa mvuke huipoza hewa. Hasara yake ni kwamba manifoldi nzima imejaa mchanganyiko unaoweza kuwaka, kwa hiyo injini ikirudisha moto unaweza kuiharibu supachaja. Ni lazima iwepo valvu ya usalama yenye springi itakayofunguka na kuutoa mlipuko, na mdomo wake usielekee kwenye nyaya wala kwenye kabini.

Vyovyote mtakavyochagua, gari ipangwe taimingi Mombasa. Kanuni ya kuanzia ni kurudisha taimingi nyuma kwa digrii moja kwa kila pauni moja ya shinikizo inayoongezwa, halafu kusikiliza. Gari iliyopangwa pwani ikipanda bara itapoteza nguvu kidogo, nayo itarudi salama.

Shikamoo, Mzee. Nina Mini 1000 ambayo nimeipandishia injini ya 1275 na supachaja ndogo. Nguvu ninaipenda sana, hasa kwenye mizunguko ya chini, lakini giaboksi imeanza kulia na juzi difu ilivunjika nilipoondoka kwenye mataa. Je, niongeze oili nzito?
*Msomaji, Arusha*

Marahaba, kijana wangu. Oili nzito haitalitibu tatizo hilo. Kwenye Mini giaboksi na difu ziko chini ya injini, ndani ya sampu, na zinaoga oili ileile ya injini. Kila chembe ya chuma inayotoka kwenye meno ya gia hupita kwenye njia za oili za injini, na kila joto la injini hufika kwenye gia. Tumia 20W-50 nzuri, badilisha kila kilomita elfu tatu, na uchunguze sumaku ya nati ya sampu kila mara. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, shusha injini.

Kilichovunja difu yako ni hicho hasa unachokipenda. Waliojenga Metro Turbo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na giaboksi ya asili ileile, walilibana shinikizo la tabo kwenye mizunguko ya chini kwa makusudi ili giaboksi isivunjike. Supachaja haina subira hiyo. Inakupa mkono wote, yaani nguvu yote ya kuzungusha, tangu mizunguko 2,000 kwa dakika, na kwenye gia ya kwanza mkono huo huzidishwa kabla ya kufika kwenye kipini chembamba kinachozibeba gia ndogo za difu. Weka difu yenye kipini cha msalaba, ambayo ina gia ndogo nne badala ya mbili. Ukiwa ndani, ondoa uwiano wa mwisho wa 3.44 na uweke 3.1, kwa maana nguvu unayo na huhitaji tena gia fupi.

Halafu niambie kuhusu breki, kwa sababu hukuzitaja. Mini 1000 nyingi za kabla ya 1984 zilikuwa na drami mbele na magurudumu ya inchi 10. Ikiwa yako ni mojawapo, iegeshe hadi utakapoweka diski. Hapo siwezi kukulegezea mwanangu.

Fundi, ninaishi Birmingham, si mbali na Longbridge ambako Mini nyingi zilijengwa. Ninarejesha Mini ya 1963 na ningependa supachaja ya zama zake badala ya hizi za kisasa. Je, zilikuwepo? Na petroli ya E10 ya hapa, iliyochanganywa na etanoli hadi asilimia 10, itaisumbua?
*Msomaji, Birmingham*

Zilikuwepo, tena za kuvutia. Waingereza walikuwa na Shorrock na Wamarekani walikuwa na Judson, zote za aina ya mabapa yanayoteleza ndani ya pipa, na zote mbili ziliuzwa kwa ajili ya magari madogo. Shinikizo lake ni la chini, na kwa injini ndogo ya zama hizo hilo ni jambo jema. Kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono. Iwe laini mzunguko mzima. Ukihisi mkwaruzo mahali palepale kila mara, bapa moja limelika au pipa limechimbika, na pipa lililochimbika ni vigumu kulirudisha. Tofauti na M45, ambayo ina oili yake iliyofungiwa ndani, supachaja za mabapa zinahitaji oili ya kudondoshewa wakati wote zinapofanya kazi, kwa hiyo muulize muuzaji kama chombo chake cha oili bado kipo.

Kuhusu E10, ambayo imekuwa petroli ya kawaida ya Uingereza tangu Septemba 2021, usiitumie. Etanoli iliyomo hubeba oksijeni yake, hivyo kabureta iliyopangwa kwa petroli tupu itatoa mchanganyiko wenye njaa kidogo, na umekwisha kusoma hapo juu njaa ya petroli hufanya nini kwenye injini hii. Pia hula mipira ya zamani. Nunua ile ya daraja la juu yenye alama ya E5, oktani 97 au zaidi, na ubadilishe mpira wa petroli kuanzia tangi hadi kwenye kabureta, pamoja na kile kipande kifupi kilichojificha nyuma ya tangi ndani ya buti, ambacho karibu kila mtu anakisahau na ambacho kikipasuka humwaga petroli mahali ambapo betri ya Mini imekaa.